Wafiwa Baada ya Matanga: Kauli Kuhusu Vikundi vya Kusaidiana Migori na Homa Bay

Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazokiri kwamba kifo hakimpati marehemu peke yake. Kitenzi -fa kikinyambuliwa katika kauli ya kutendea na kisha kutendewa huzaa -fiwa, na anayezungumziwa hapo si aliyelala kaburini bali aliyebaki: mjane amefiwa na mumewe, mtoto amefiwa na wazazi. Nomino mfiwa hutokana na unyambuaji huo huo. Ajabu ni kwamba jamii iliyomjengea mfiwa jina lake mwenyewe imempa muda mfupi sana wa kuitwa hivyo. Matanga yakishaanuliwa, majamvi yakishakunjwa na majirani wakishachukua sufuria zao, jina hilo humwondokea, naye hutarajiwa arudi kuwa mtu kama watu wengine.

Makala hii inahusu kipindi kinachofuata hapo, tena mahali mahususi: kaunti za Migori na Homa Bay, kusini mwa Ghuba ya Winam na kando ya Ziwa Viktoria hadi mpaka wa Tanzania pale Isebania. Inadaiwa hapa kwamba eneo hilo, lililoumizwa na kifo kuliko maeneo mengi ya Kenya, limejibunia chombo cha kumsaidia mfiwa na mwenye wasiwasi, yaani kikundi cha kusaidiana cha watu wa hali moja. Chombo hicho kimefungiwa katika shughuli za UKIMWI ilhali kingefaa mengi zaidi, na wataalamu wa Kiswahili, ambao kwa kawaida hawakihesabu kuwa kinawahusu, wana deni kubwa kwacho.

Ukubwa wa msiba wenyewe hauna budi kukumbukwa. Kisa cha kwanza cha UKIMWI nchini Kenya kiliripotiwa mwaka 1984, na ni mnamo Novemba 1999 ambapo Rais Daniel arap Moi aliutangaza kuwa janga la kitaifa. Miaka hiyo 15 ya katikati ndiyo iliyojaza makaburi katika iliyokuwa Wilaya ya Nyanza Kusini. Waliokonda na kukohoa walisemekana kuwa na chira, maradhi ambayo kwa imani ya Waluo humpata aliyevunja mwiko au ambaye jamaa yake ameuvunja. Kwa hivyo familia ilimzika mtu wake na kuizika sababu pamoja naye. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilipoanza mwaka 2001 kutoa bila malipo dawa za kupunguza makali ya virusi katika hospitali ya serikali mjini Homa Bay, wengi walikuwa wamekwisha kwenda. Hata baada ya dawa kuenea, utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulikuta kwamba asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay na asilimia 13 ya wale wa Migori walikuwa wakiishi na virusi, ilhali wastani wa taifa ulikuwa asilimia 4.9. Ndiyo kusema mtu mwenye umri wa miaka 40 hivi leo katika Ndhiwa au Nyatike amekulia katika matanga. Na UKIMWI si mlango pekee wa kifo huko. Ziwa huchukua wavuvi, machimbo ya dhahabu ya Macalder huwafukia vijana, malaria huondoka na watoto, na barabara nayo hudai fungu lake.

Isije ikadhaniwa kwamba watu wa ziwani hawajui kuomboleza. Kinyume chake, ni vigumu kupata jamii Afrika Mashariki inayomwomboleza mtu wake kwa uzito zaidi. Wanaume huswaga ng'ombe mbio kwa nyimbo hadi mpakani ili kukifukuza kifo, desturi iitwayo tero buru. Waombolezaji hukesha uani. Wanawake hulia kwa sauti wakimtaja marehemu kwa sifa, kwa nasaba na hata kwa visirani vyake, katika utungo ambao mwanafunzi wa fasihi simulizi angeuweka bila kusita chini ya mbolezi. Kila mtu ana nafasi yake: wa kuchimba, wa kupika, wa kuhutubia, wa kukusanya michango. Mwenye huzuni hapewi fursa ya kukaa peke yake, na hilo ni tiba. Thamani ya utaratibu huo ilidhihirika ulipokatizwa. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, serikali iliagiza kwamba mazishi yasihudhuriwe na zaidi ya watu 15. Mwezi wa Aprili mwaka huo, katika kaunti jirani ya Siaya, mtu mmoja alizikwa usiku na maafisa waliovaa mavazi ya kujikinga, bila jeneza, na picha za tukio hilo zikawatia watu uchungu nchini kote. Haukuwa uchungu wa ushirikina kama baadhi ya waandishi wa magazeti walivyodokeza. Watu waliona wafiwa wakinyang'anywa kitu ambacho hakuna ofisi ingeweza kuwarudishia.

Hata hivyo, faraja ya matanga ina kasoro: hutolewa kwa jumla na kwa mkupuo. Wiki moja au mbili boma hujaa watu. Wiki ya tatu hakuna anayebisha hodi. Gharama za kulisha waombolezaji hubaki kwa mwenye msiba, na si nadra ng'ombe aliyetegemewa kwa karo ya watoto kuwa ndiye aliyechinjwa. Mjane huanza kukabiliwa na swali la nani atamrithi, na swali la shamba, na swali la deni dukani, yote yakimjia usiku wakati ambapo hakuna wa kuzungumza naye. Akikutana na watu njiani huambiwa pole. Neno hilo ni zuri, na wageni huwasifu Waswahili kwa kuwa nalo, lakini lina tabia ya kufunga mazungumzo badala ya kuyafungua. Aliyeambiwa pole hujibu asante, na kila mmoja huenda zake.

Vyuo vikuu vyenyewe havijaepuka kasoro hii. Mwanafunzi akifiwa na mzazi, wenzake huchanga pesa, hukodi basi, huenda kumzika mzee huko Rangwe au Kehancha, na hurudi wakijipongeza kwa moyo wa umoja. Juma linalofuata mwenzao hukuta majaribio ya darasani yakimngoja. Akianza kukosa mihadhara husemwa kuwa amelegea. Sikwambii akianza kunywa pombe.

Ni pengo hilo, la baada ya mkupuo, ambalo vikundi vya kusaidiana viliingia kuliziba. Historia yao haikuandikwa na wanahistoria. Dawa zilipoanza kutolewa, waliozimeza walihitaji kukumbushana saa, kusindikizana kliniki na kupeana nauli. Walianza kukaa pamoja kwenye mabenchi ya hospitali, kisha chini ya mwembe, kisha katika kanisa lililo tupu siku ya kazi. Mikutano iliyoitishwa kwa ajili ya vidonge ikawa ya mambo mengine. Mwanamke aliyekuja kueleza kwa nini amekosa dawa siku tatu alijikuta akieleza kwamba tangu mtoto wake afe hana haja ya kuamka asubuhi. Wenzake hawakumpa hotuba. Mmoja alisema kwamba yeye pia alikuwa hivyo mwaka jana, na akaeleza alivyofanya. Mwingine alijitolea kupita nyumbani kwake kila Alhamisi. Wakati wa kuondoka walichanga shilingi chache, kwa mtindo wa nyoluoro, yaani mchango wa mzunguko ambao wanawake wa Kiluo waliufahamu kabla ya shirika lolote kuja kuwafundisha kuhusu akiba. Hakuna ajabu katika maelezo haya, na huenda ndiyo sababu hayajapewa uzito na wanaopenda mambo ya ajabu.

Kuna dhana kwamba vikundi hivyo ni bidhaa ya wafadhili, kitu kilicholetwa kwenye gari la mradi. Ni kweli kwamba miradi iliviandikisha, ikavipa madaftari na ikavihesabu. Lakini umbo lake lina wazee wake. Zamani katika maboma ya Waluo kulikuwa na siwindhe, nyumba ambamo watoto walilala chini ya uangalizi wa mwanamke mzee aliyeitwa pim. Wanahistoria David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo, walioandika juu ya maisha ya Siaya, wamemfanya pim kuwa mtu wa kuzingatiwa sana. Mara nyingi hakuwa wa ukoo ule. Alitoka kwingine, na hakuwa na maslahi katika ugomvi wa shamba au wa wake wenza. Kwa sababu hiyo watoto waliweza kumuuliza yasiyoulizika kwa mama, na yeye aliweza kuwaeleza. Mtu wa nje aliye karibu: hiyo ndiyo nafasi anayoishika mwanakikundi. Jamaa wa damu wana mapenzi, lakini wana masikio ya ukoo pia, na neno litokalo kinywani mwa mjane laweza kurudi kwake katika kikao cha kugawa mali. Mwenzake wa kikundi hana cha kurithi.

Ushahidi kwamba jambo hili lina nguvu zaidi ya maneno matamu umekwisha kupatikana, na sehemu yake umetoka papo hapo. Katika kisiwa cha Mfangano, kaunti ya Homa Bay, kituo cha Ekialo Kiona kilijengwa na wenyeji pamoja na washirika wao, kikawapa huduma ya kompyuta na intaneti wale waliokubali kupimwa virusi mara kwa mara. Kisiwani humo kulijaribiwa pia utaratibu ambao mgonjwa hakupangiwa kikundi na muuguzi. Aliulizwa ni akina nani anaowaamini, awe mume, jirani, mshirika wa kanisani au mwenzake wa mtumbwi, na hao ndio walioitwa kukaa naye, kufunzwa pamoja naye na hatimaye kuambizana hali zao. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2015, yalionyesha kwamba miongoni mwa wagonjwa zaidi ya 300 waliofuatiliwa, waliokuwa katika vikundi hivyo walipotea kliniki kwa kiwango cha karibu nusu ya wengine. Linalovutia hapo ni kuchagua. Mgonjwa aliyeulizwa anamwamini nani alikuwa amekwisha kutendewa kama mtu.

Ng'ambo ya ziwa, katika wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, ambazo zilipigwa na UKIMWI mapema kuliko karibu mahali pengine pote, jaribio jingine lilitoa matokeo mwaka 2003. Watafiti walianza kwa kuwauliza wanavijiji majina yao wenyewe ya huzuni inayomwangusha mtu. Kisha vijiji 30 vilichaguliwa, wanaume wakakaa na wanaume na wanawake na wanawake, mara moja kwa juma kwa muda wa majuma 16, wakiongozwa na watu wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi. Waliyozungumza yalikuwa vifo, ugomvi, mabadiliko ya maisha na upweke. Mwishoni ni asilimia 6.5 tu ya walioshiriki waliobaki na dalili kamili za sonona, na asilimia 54.7 ya wasioshiriki. Takwimu nyingi za afya hupaswa kusomwa kwa tahadhari. Pengo la namna hii linamtaka msomaji asimame kidogo.

Katika Migori yenyewe upo mfano wa Lwala, kijiji cha Kamagambo Kaskazini karibu na Rongo. Ndugu wawili, Milton na Fred Ochieng', waliwapoteza wazazi wote wawili kwa UKIMWI wakiwa wanasomea udaktari Marekani, na mwaka 2007 zahanati ambayo baba yao aliitamani ilifunguliwa pale kijijini. Wanakijiji walikuwa wameuza kuku na ng'ombe miaka ya nyuma kumnunulia Milton tiketi ya ndege. Deni hilo lililipwa kwa matofali. Kubwa zaidi kwa mada hii ni kwamba wakunga wa jadi, nyamrerwa, hawakufukuzwa kama ilivyokuwa desturi ya wakati huo, bali waliandikwa kazi na kulipwa kama wahudumu wa afya wa jamii. Waliokuwa wakiingia nyumba za watu kwa miongo mingi waliendelea kuingia, sasa wakiwa na njia ya kumfikisha mgonjwa hospitalini.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia, na ndipo penye kero. Mfiwa wa Homa Bay akifika kliniki huulizwa maswali tisa ya dodoso linalotumika ulimwenguni kote kupima sonona. Dodoso hilo lilihakikiwa magharibi mwa Kenya na matokeo kuchapishwa mwaka 2009, na si kazi ya makala hii kulikashifu. Tatizo ni msamiati unaolizunguka. Daktari anayo istilahi ya Kiingereza. Magazeti ya Kenya husema unyogovu. Wenzetu wa Tanzania husema sonona, neno lenye mizizi mizuri katika kusononeka. Kamusi zina kihoro, jitimai, simanzi na majonzi, kila moja likiwa na uzito wake. Muuza omena wa Mbita hatumii hata moja. Yeye husema ana mawazo.

Mawazo! Wanaisimu wangeliita neno la kawaida lililopanuka kimaana, na kupita. Lakini neno hilo ndilo lililobeba wasiwasi wa Wakenya wa kawaida kwa muda mrefu: mtu ana mawazo, amekonda kwa mawazo, mawazo yatamuua. Katika Dholuo hali ni ile ile: parruok, wasiwasi, ni kizazi cha par, kuwaza, ilhali kuyo ni huzuni, na vyote hukaa katika chuny, neno lililo ini na moyo na roho kwa pamoja. Waganga wa Zimbabwe walitambua mapema jambo hili. Dkt. Dixon Chibanda na wenzake walipoanzisha mwaka 2006 utaratibu wa mabibi kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati huko Mbare, walilitumia neno la Kishona kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, kwa kuwa ndilo ambalo watu walikuwa wakilitumia. Mabibi hao wakafanikiwa pale ambapo istilahi ingewatoa wagonjwa mbio. Kwa nini basi bango la afya ya akili mjini Migori liandikwe kwa neno ambalo msomaji wake atahitaji kufafanuliwa?

Mji wa Migori unastahili kutajwa peke yake. Sokoni pale wamo Waluo, Wakuria, Wakisii, Waluhya, Wasomali na wengineo, na kikundi kikikaa karibu na hospitali lugha yake huwa ni Kiswahili, tena si kile cha mitihani. Wapo watakaosema kwamba huzuni husemwa vizuri kwa lugha ya mama pekee. Dai hilo lina ukweli, ila si wote. Lugha ya mama ndiyo yenye miiko. Jina la marehemu, jinsi alivyokufa, kile kilichofanyika au kisichofanyika usiku wa mazishi: mengine huwa mazito kuyatamka kwa lugha ambayo mizimu wanaielewa, kama wazee wangesema kwa utani. Mwanamke wa Kikuria na mwenzake wa Kiluo, ambao koo zao zimewahi kutupiana mishale kwa ajili ya mifugo, huketi bega kwa bega na kuambiana kwa Kiswahili: “Mama Boke, wiki hii umelala?” “Nimelala siku mbili, mama.” Maswali tisa yamo humo yote.

Kikundi hakipaswi kufanywa kitu kitakatifu. Siri huvuja. Anayeeleza leo mkutanoni huenda akasikia habari zake kesho kwenye mashine ya kusagia, na kijijini hakuna pa kuhamia. Vikundi vingine vilianzishwa mkobani, vikawa na katiba, muhuri na mweka hazina, bila mwanachama hata mmoja aliyewahi kumtembelea mwingine. Vingine viligeuka kuwa vyama vya mikopo, na asiyelipa, ambaye pengine ndiye mwenye majonzi makubwa zaidi, akaona haya kuhudhuria. Pesa iliyoletwa kumsaidia ikamfungia mlango. Na wanaume, kwa kiasi kikubwa, hawaji. Mvuvi aliyeshuhudia nduguye akizama hurudi ziwani usiku ule ule unaofuata, na faraja yake hununuliwa chupani. Vikundi vya usimamizi wa fuo, ambavyo wavuvi huwa wanachama wake tayari, vingeweza kuwa mahali pa kuanzia kwa kuwa mwanamume hukubali kwa urahisi kukaa penye nyavu kuliko penye viti vilivyopangwa duara. Isitoshe, yapo maradhi ya akili ambayo wenzake mtu hawawezi kuyatibu kwa mazungumzo, na kikundi chema ni kile kinachojua siku ya kumpeleka mwanachama hospitalini.

Hadi hivi karibuni hata kusema ukweli wote kulikuwa na hatari. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, na ni tarehe 9 Januari 2025 ambapo Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinapingana na Katiba. Aliyenusurika na akathubutu kueleza mbele ya wenzake alikuwa kwa hivyo anakiri kosa. Hukumu hiyo imeondoa kizingiti kimoja. Inafaa itangazwe kwa redio na mimbarini, maana wengi hawajaisikia.

Mwezi huo huo wa Januari 2025 pigo lilikuja kutoka upande mwingine. Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai shirika la USAID lilikuwa limefungwa. Huduma nyingi za virusi magharibi mwa Kenya zilitegemea fedha hizo, wakiwemo washauri rika na akina mama washauri, yaani watu walioishi na virusi na kulipwa posho ya kuwasindikiza wengine. Wengi wao waliachishwa kazi. Dawa zilizungumziwa sana, na ilikuwa haki. Posho ya mtu anayekwenda kumtazama mgonjwa aliyenyamaza haikuzungumziwa, kwa sababu kazi yake haionekani katika ghala. Serikali ya Kenya ilikuwa imezindua mwaka 2023 mpango wa wahudumu wa afya wa jamii wapatao 100,000 wenye vifaa na posho, na huenda mpango huo ukafaa kuwa mrithi. Muhudumu wa namna hiyo hupima shinikizo la damu na sukari nyumba kwa nyumba. Bado hajapewa jukumu la kurudi katika nyumba ya msiba mwezi wa pili na wa tatu baada ya mazishi, na jukumu hilo halihitaji kifaa chochote. Serikali za kaunti zote mbili zingeweza kuliandika katika kazi zake kwa waraka mmoja.

Pendekezo la pili ni kwamba vikundi vilivyobaki vifungue mlango. Mama aliyefiwa na mtoto kwa malaria, au kijana aliyemzika kaka yake Macalder, asiulizwe kwanza hali yake ya virusi ndipo apewe kiti. Baadhi ya wanachama wataogopa kwamba wageni watawatambua na kuwatangaza, na hofu hiyo ni ya haki. Mkutano mmoja kwa mwezi uwe wa wafiwa wote, na mingine ibaki ilivyo. Kufanya hivyo kutapunguza pia unyanyapaa, kwa kuwa anayeonekana akiingia hatajulikana ameingia kwa lipi.

Lililobaki ni la wasomi wa Kiswahili. Idara za Kiswahili zimetoa tasnifu kadhaa kuhusu UKIMWI katika riwaya, na Ua la Faraja ya William Mkufya, iliyotoka mwaka 2004, imechambuliwa vya kutosha. Si vibaya. Lakini wakati wahusika wa riwaya wakichunguzwa, lugha hai ya watu walioketi chini ya mwembe imekuwa ikipotea bila daftari. Chuo Kikuu cha Rongo kimo Migori. Chuo Kikuu cha Tom Mboya kimo mjini Homa Bay. Wanafunzi wa vyuo hivyo wanazo Dholuo, Kikuria, Ekegusii na Kisuba majumbani mwao. Wao ndio wanaoweza kuketi na vikundi, kwa idhini na bila vinasa sauti pale visipotakiwa, wakakusanya namna watu wanavyoutaja usiku usiolalika, kifua kinachobana, chakula kisichopita, na nafuu inapoanza kuja. Orodha hiyo ipelekwe kwa wauguzi kabla ya kupelekwa kwenye makongamano. Ipelekwe pia kwa redio za Kisuba, Dholuo na Kiswahili zinazosikika ufuoni, na kwa wale wanaoandaa mabango.

Na kabla ya kwenda mbali, kila chama cha wanafunzi kinacho kitabu cha michango ya mazishi. Majina ya waliofiwa mwaka huu yamo humo, pamoja na tarehe na kiasi kilichotolewa.